Neno Moja Ukurasa wa Saba

Simu ya Spika wa Bunge ilipoingia, Inspekta Ismenia Catrileo alikuwa amesimama kwenye kibanda cha barabara ya Pedro Montt, mkononi ana mkate wenye soseji na parachichi ambao hakuwa ameuma hata mara moja. Alisikiliza nusu dakika, akauacha mkate kaunta, akavuka barabara mbio kuelekea Bungeni.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa kazi. Upande mmoja wa uzio walijaa wenye vitambaa vya kijani, wanaoutaka muswada, upande wa pili wenye vitambaa vya samawati, wanaoupinga, katikati askari wamekaza helmeti. Ngoma zilipigwa pande zote mbili. Tangu mjadala wa kubadilisha sheria ya utoaji mimba uanze juzi, Valparaíso nzima ilikuwa haisikilizani. Juu vilimani watu walikuwa wamefungulia redio madirishani kama siku ya fainali.

"Afande, wewe upande gani?" msichana mwenye filimbi alimpigia kelele.

"Upande wa mlango. Nipishe."

Spika alimpokea kwenye ngazi za ndani. Alikuwa mtu mfupi, na siku hiyo tai yake ilikuwa imezunguka hadi begani. Hakumpa hata mkono.

"Sasa ni saa tano na dakika ishirini," alisema. "Nimeahirisha kikao mpaka saa tisa. Wapinzani wanasema nisipokuwa na maelezo saa tisa, watadai muswada wote urudi kwenye kamati. Ukirudi huko, mwaka huu hautoki tena. Wanaouunga mkono nao wanapiga kelele kwamba wamehujumiwa. Kura zenyewe zinatofautiana kwa mbili tatu. Unanielewa, Inspekta?"

"Bado hujaniambia kimetokea nini."

"Neno moja limebadilika."

Ilikuwa hivi. Karani alikuwa akisoma kwa sauti kifungu cha kumi na moja, kile cha wasichana wadogo waliobakwa. Kamati ilikuwa imepitisha kwamba msichana wa namna hiyo apewe cheti cha ruhusa ya kutoa mimba, kisainiwe na daktari *au* mkunga. Karani akasoma: daktari *na* mkunga. Kati ya wabunge mia moja na hamsini na tano waliokuwa ukumbini, hakushtuka hata mmoja. Aliyeshtuka ni mama mmoja kwenye viti vya wageni. Alisimama akapiga ukelele, "Sivyo! Sivyo ilivyoandikwa!" Walinzi walipomkamata mikono alikuwa bado anapunga karatasi hewani.

Karatasi ya mama ilisema *au*. Karatasi rasmi, iliyotolewa nakala asubuhi hiyo saa tatu kwa ajili ya wabunge wote, ilisema *na*.

"Moja ya hizo ni ya uongo," Spika alisema. "Niambie ipi, na ya nani. Una saa tatu na nusu."

* * *

Mama mwenyewe aliitwa Otilia Vivar, mkunga kutoka kisiwa kimoja kidogo cha Chiloé, huko kusini. Walikuwa wamemkalisha kwenye chumba cha walinzi. Alikuwa amefunga mikono kifuani, na mlinzi aliyempa kikombe cha chai alionekana kumwogopa.

"Mama Otilia, ulilisikiaje neno hilo wakati wabunge wote hawakulisikia?"

"Mkunga mwenyewe si ndiye mimi? Neno hilo nililiomba mbele ya kamati, nimesimama, natetemeka. Wakanipa nakala nikaondoka nayo. Basi leo wanisomee lingine nikae kimya?"

"Tofauti ni kubwa hivyo?"

Otilia alimtazama kama anayetazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Mwanangu, kwetu daktari anakuja kwa boti mara moja kwa mwezi, na hapo bahari iwe imetulia. Wakiandika *au*, msichana anakuja kwangu, namwandikia siku hiyohiyo, tunapanda kivuko kwenda hospitali. Wakiandika *na*, tunakaa mimi na yeye tunaangalia dirishani tukisubiri boti. Na wiki za mimba sheria inazihesabu. Ninaye mmoja sasa hivi, ana miaka kumi na mitatu. Sikutajii jina hata unifunge."

"Sijakuuliza jina lake."

"Haya. Basi nenda kamtafute mwizi, mimi nipo."

* * *

Katibu wa kamati, Evaristo Leyton, ambaye wote walimwita Don kwa heshima, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba kilekile cha ghorofa ya tano, dirisha lake likitazama kreni za bandari. Rozari ilining'inia kwenye taa ya mezani. Alikuwa amekaa wima kama mtu aliyefiwa, magoti pamoja, viganja juu ya mapaja.

"Karatasi imetoka kabatini mwangu," alisema kabla hajaulizwa. "Ufunguo ninao mimi peke yangu. Kama ni kunifunga, twende."

"Tulia kwanza, Don Evaristo. Sheria hii unaitaka?"

"Siitaki. Kila asubuhi namwomba Mungu isipite."

"Unanieleza hivyo, mimi polisi?"

"Umeniuliza."

Ismenia alivuta kiti. Mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mbele yake: ufunguo anao, sababu anayo, na ameitaja kwa mdomo wake. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ulimfanya asogeze taa karibu.

"Mara ya mwisho kuhakiki ilikuwa lini?"

"Jana saa kumi na mbili jioni. Nilisoma kurasa zote ishirini na mbili, kidole mstari kwa mstari. Ukurasa wa saba ulisema *au*. Nikapiga mhuri kila ukurasa, nikafunga kwa pini mbili za stepla, nikafungia kabatini."

"Nipe hizo karatasi. Na kiwembe."

Alizichomoa pini taratibu, akatandaza kurasa mezani moja moja. Kisha akaanza kuziinua kuelekea dirishani. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alipofika wa saba alisimama, akarudi wa sita, akaruka wa nane.

"Don Evaristo, njoo hapa. Hesabu matundu ya pini kwenye ukurasa wa sita."

Mzee alivaa miwani. "Mawili... manne. Manane. Mbona manane?"

"Pini mbili, kila moja matundu mawili. Inatakiwa iwe manne. Sasa wa saba."

"Manne."

"Na wa nane?"

"Manane tena." Mdomo wa mzee ulibaki wazi. "Mama yangu! Wamefungua."

"Mtu amechomoa pini zako, ametoa ukurasa wako, ameweka wake, halafu amepiga stepla upya. Kurasa zote zimetobolewa mara mbili. Huu mgeni umetobolewa mara moja." Alilowesha kidole kwa ulimi, akasugua mhuri wa ukurasa wa sita. Wino wa zambarau ulichafuka. Akasugua wa ukurasa wa saba. Haukusogea hata kidogo. "Na huu mhuri haukupigwa kwa mkono. Umechapwa na mashine. Mhuri wako uko kwenye nyaraka ngapi hapa Bungeni?"

"Maelfu."

"Kwa hiyo yeyote angeweza kuunakili."

Kulikuwa na kitu kingine. Ukiuinamisha ukurasa wa saba kwenye mwanga, ulionekana mstari mwembamba wa kijivu pembeni kulia, umeshuka kutoka juu hadi chini. Alimwomba Don Evaristo achape chochote kwenye mashine yake. Ilitoka safi. Mashine iliyozaa ukurasa wa saba ilikuwa kwingine, na ilikuwa na kovu.

"Kuna mtu aliyezisoma tangu jana jioni?"

Don Evaristo alifungua daftari lake la sahihi. "Mmoja tu. Leo, saa mbili na dakika kumi. Trinidad Larrondo, mshauri wa wapinzani. Alisoma nusu saa, akaondoka."

* * *

Trinidad Larrondo alikuwa ghorofa ya nane, amezungukwa na simu tatu na wabunge wawili wanaogombana. Kitambaa cha samawati alikuwa amekifunga shingoni vizuri kama anayekwenda kupigwa picha. Aliwatoa wabunge nje kwa kidole.

"Nilijua mtakuja kwangu," alisema. "Keti."

"Nisaidie kwanza kitu kidogo. Nichapie ratiba ya leo, sina."

Trinidad aliinua nyusi lakini akabonyeza. Karatasi ilitoka. Ismenia aliiinamisha kwenye mwanga: nyeupe, safi, hakuna mstari.

"Ulisoma muswada asubuhi. Ukurasa wa saba ulisema nini?"

"*Na.*"

"Uliliona?"

"Inspekta, mimi nalipwa kuyaona."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Nilidhani Riffo amelegea mwenyewe." Pascuala Riffo alikuwa mbunge aliyeuleta muswada, mwanamke aliyekuwa ameupigania miaka sita. "Nilipanda hapa mbio nikamwambia mbunge wangu, tumekwisha, wametupiga bao."

Ismenia aliacha kuandika. "Wamewapigaje bao? Neno hilo si linaubana muswada? Si ndivyo mnavyotaka?"

Trinidad alicheka, kicheko cha kweli. "Afande, hebu fikiri kidogo. Mimi sitaki muswada mwembamba. Sitaki muswada wowote. Ukiwa mkali kama ulivyokuwa, unaanguka. Ukilegezwa neno moja, kuna wabunge wawili wanaoyumba, Gumercindo Haro na Edelmira Stuardo, ambao wameshasema pembeni kwamba daktari akiwa lazima, watakubali. Kura mbili. Leo kura mbili ndizo zinazoamua kila kitu. Sasa niambie, mimi niamke alfajiri niende nikawatengenezee hao ushindi?"

Hapo Ismenia aliona kwamba tangu asubuhi wote walikuwa wakiitazama karatasi kichwa chini. Walikuwa wanamtafuta adui wa muswada. Aliyebadilisha neno alikuwa anautaka upite. Na alilibadilisha kabla ya saa mbili na dakika kumi.

Hakungoja lifti. Alishuka ngazi mbili mbili.

* * *

"Don Evaristo! Leo asubuhi, kabla ya Trinidad, nani aliingia humu?"

"Hakuna aliyesaini."

"Sikuuliza aliyesaini. Nimeuliza aliyeingia."

Mzee alisita. "Aliingia Baltazar tu. Baltazar Oyarce. Lakini yeye hakuja kusoma. Alinipitia na chai na mkate wa moto, akasema, 'Don Evaristo, wewe tangu jana hujala.' Ni mtu mwema, Inspekta. Tunapingana kuhusu sheria hii miaka sita na hajawahi kunivunjia heshima."

Ismenia aliinamisha macho. Kwenye suruali ya kijivu ya mzee, juu kidogo ya goti, palikuwa na doa la kahawia kubwa kama sahani.

"Na hilo?"

"Chai ilimwagika. Kiwiko chake kiligonga kikombe. Nilikwenda chooni kujifuta."

"Muswada ulikuwa wapi?"

"Mezani. Nilikuwa nimeshautoa kwa ajili ya..." Hakumaliza. Alishika ukingo wa meza.

"Ulikaa chooni muda gani?"

"Goti langu halina haraka. Dakika saba. Labda nane." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Aliniletea mkate."

Baltazar Oyarce alikuwa mkuu wa ofisi ya Pascuala Riffo.

* * *

Saa nane na dakika ishirini Ismenia aligonga mlango wa ofisi hiyo. Baltazar alifungua mwenyewe: mwanamume wa miaka arobaini na kitu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kitambaa cha kijani kifundoni mwa mkono. Ukutani nyuma yake kulikuwa na orodha ya majina ya wabunge wote, yamewekewa alama kwa kalamu za rangi mbili.

"Inspekta! Mmempata? Ni Trinidad, sivyo?"

"Tunakaribia. Nichapie majina ya wafanyakazi wa ofisi hii, ni utaratibu tu."

"Haraka haraka." Alibonyeza. Printa ilikohoa, ikatoa karatasi. Alimkabidhi huku akitabasamu.

Ismenia alikwenda nayo dirishani. Akatoa ukurasa wa saba kwenye bahasha, akaupachika juu ya ile orodha, kingo kwa kingo, akaziinamisha pamoja kwenye mwanga. Mstari wa kijivu ulilala juu ya mstari wa kijivu kama uzi mmoja.

"Njoo uone," alisema bila kugeuka.

Baltazar hakuja. Ismenia alisikia kiti kikilia chini ya uzito wake.

"Ilikuwa sabini na mbili," sauti yake ilisema. "Nimehesabu miezi mitatu. Sabini na mbili zetu, sabini na tatu zao, wanane wamesema hawapigi kura, na hao wawili katikati. Haro aliniambia, mwekeeni daktari lazima, nitabonyeza ndiyo. Stuardo hivyohivyo. Nikamwambia Mheshimiwa tulegeze neno moja. Akakataa. Akasema alimwahidi yule mkunga. Neno moja, Inspekta! Muswada uanguke wote kwa sababu ya neno moja?"

"Kwa hiyo ukamwagia mzee chai."

"Tungelirudisha baadaye, kule Seneti. Ningelirudisha. Wanawake wangapi..."

"Baltazar."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Pascuala Riffo alikuwa amesimama pale, miwani mkononi. Ilionekana alikuwa amesimama hapo muda.

"Mheshimiwa, nilifanya kwa ajili yako."

"Usiniambie hivyo. Usithubutu kuniambia hivyo." Alimgeukia Ismenia. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu upesi, na Ismenia aliweza karibu kuzisoma hesabu zenyewe. "Inspekta, ripoti yako unampa Spika lini?"

"Sasa hivi."

"Kura ni saa tisa. Ukimpelekea saa kumi..."

"Mheshimiwa, saa kumi itakuwa ripoti nyingine, na majina yatakuwa mawili."

Riffo alifumba macho. Nje ngoma zilikuwa zimepamba moto. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Alipoyafumbua alikuwa ameshavaa miwani.

"Nipe dakika tano niende mimi mwenyewe," alisema. "Nitasimama mbele yao. Wakinizomea, wanizomee mimi."

* * *

Walimzomea. Saa tisa kamili Pascuala Riffo alisimama kwenye mimbari na kusema, "Neno lilibadilishwa, na limebadilishwa ofisini kwangu," na ukumbi ukalipuka. Upande wa kulia waligonga meza. "Jiuzulu! Jiuzulu!" Upande wa kushoto wengine walikuwa wameshika vichwa. Spika alipiga kengele mpaka mkono ukamchoka. Ismenia, mgongo ukutani karibu na mlango, alimwona Otilia Vivar juu kwenye viti vya wageni ameinama mbele, mdomo kaubana kwa kiganja.

Kiongozi wa wapinzani aliomba muswada urudi kwenye kamati. Spika aliuliza kama nakala halali ipo. Ndipo Don Evaristo Leyton, mwenye doa lake la chai, alipopanda mimbari akichechemea.

"Naijua," alisema. "Nimeisoma kwa kidole. Na mama yule pale juu anayo nakala niliyompa kwa mkono wangu. Nimezilinganisha na rekodi ya sauti ya kamati, herufi kwa herufi." Akafungua karatasi, akasoma kifungu cha kumi na moja chote, polepole, na alipofika kwenye neno lile akalitamka kwa nguvu kama mtu anayepiga mhuri: "Daktari *au* mkunga." Akakunja karatasi. "Mimi sheria hii siitaki. Lakini hiyo ndiyo iliyopitishwa na kamati. Ikianguka, ianguke yenyewe."

Hakukuwa na la kurudisha kwenye kamati tena. Spika akaita kura.

Ubao mkubwa uliwaka. Taa za kijani na nyekundu zikajitokeza moja moja kando ya majina, na ukumbi wote ukageuza shingo. Ismenia, aliyejiambia asubuhi kwamba kazi yake ni karatasi tu, alijikuta anahesabu taa. Gumercindo Haro alikaa muda mrefu kidole hewani. Akabonyeza. Kijani. Edelmira Stuardo hakubonyeza kitu.

Sabini na tatu kwa sabini na tatu.

Sauti iliyotoka haikuwa shangwe wala kilio. Spika alisoma kanuni: kura zikilingana, hupigwa tena papo hapo. Haro aliinuka, akavuka njia ya katikati, akamwinamia Stuardo. Waliongea maneno machache. Stuardo alitikisa kichwa kukataa, kisha akatazama juu kwenye viti vya wageni, kisha mezani kwake. Ubao ulizima, ukawaka tena.

* * *

Baltazar alikuwa kwenye korido ya ghorofa ya tatu na askari mmoja, pingu mkononi. Hapo ukuta ulikuwa mnene na ukumbi ulisikika kama mvumo tu. Alipomwona Ismenia akitokea kwenye kona aliruka kutoka kitini, askari akamshika bega.

"Ngapi? Inspekta, nakuomba. Ngapi?"

"Sabini na nne kwa sabini na tatu. Umepita."

Alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Kisha uso ukabadilika. "Umepita na neno lipi?"

"*Au*. Don Evaristo amelisoma mwenyewe."

Baltazar alimtazama. Alitazama askari, akarudi kwake. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kabla hakijafika katikati, akateleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, mikono yenye pingu juu ya magoti.

"Basi ungepita tu," alisema. "Bila mimi."

Ismenia hakujua kama ni kweli, na haikuwa kazi yake kujua. Mlango wa ukumbi ulifunguliwa kule chini, kelele zikapanda ngazi zote kwa pamoja, vilio na nyimbo. Alimpa Baltazar mkono, akamwinua, wakaanza kushuka ngazi.